Gongi la Java: chombo kikubwa kinachonyamaza kuliko vyote

Mpwa wangu alinitumia video ya dakika mbili pamoja na swali moja: "Mjomba, huyu mzee wa nyuma analipwa kwa kazi gani?"

Kwenye video watu kama 20 wameketi chini, nguo zao za batiki, kila mmoja na chombo cha shaba mbele yake. Mikono inakwenda mbio. Nyuma kabisa, kando ya sahani kubwa nyeusi inayoning'inia kwenye fremu ya mbao iliyochongwa, ameketi mzee. Hafanyi kitu. Nusu dakika inapita, hafanyi kitu. Dakika inakaribia. Halafu anainua rungu lenye kichwa kilichofungwa kitambaa, analigusisha katikati ya ile sahani, analirudisha mapajani, basi. Kwenye simu yangu hata sikusikia kitu cha maana. Chini ya video watu walikuwa wameshamaliza maneno: mmoja kasema zile ni sufuria zimepinduliwa, mwingine kasema yule mzee lazima ni shemeji yake kiongozi wa bendi.

Nilicheka na mimi. Lakini swali la mpwa ni zuri, maana huyo anayedhaniwa mvivu ndiye ambaye wote waliobaki wanamhesabia. Na kuelewa kazi yake ni kuelewa muziki mzima, kwa hiyo nimeamua kumjibu kwa urefu.

Tuanze na majina, kwani nusu ya mkanganyiko imo humo.

Muziki wa kwenye ile video unaitwa gamelani, na unatoka kisiwa cha Java huko Indonesia. Gamelani si chombo. Ni seti nzima ya vyombo vya kupiga, na neno lenyewe linatokana na neno la Kijava lenye maana ya kupiga kwa nyundo. Ndani ya seti mna vyombo vya vipande vya shaba vilivyopangwa kama marimba (saron), mna vyungu vya shaba vilivyolazwa kwenye kamba (bonang, ndizo zile "sufuria"), mna vinavyoning'inia, mna ngoma za ngozi zinazoitwa kendang, mna rebab, fidla ya nyuzi mbili, filimbi ya mwanzi na waimbaji. Kuita gamelani chombo ni kama kuliita jiko zima mwiko. Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliiingiza gamelani katika orodha yake ya urithi wa utamaduni, kwenye kikao kilekile kilichoiingiza rumba ya Kongo. Sisi tulishangilia rumba, hatukumwangalia aliyesimama naye mlangoni.

Sahani kubwa ya yule mzee Wajava huiita gong ageng, yaani gong kubwa. Mimi nitaandika gongi. Ningeandika gongo, lakini gongo kwetu ni kitu kingine kabisa, nacho kinawapeleka watu polisi. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao la sahani ya shaba inayopigwa ngomani: upatu. Ni neno zuri, ila siku hizi ukilitamka watu wanashika mifuko wakidhani zamu yao ya kuchanga imefika. Na kwa wale waliokwisha kuamua kwamba gong limetoka kwenye kitenzi chetu cha kugonga: hapana. Neno la huko lilitoka Kijava na Kimalei likaingia lugha za Ulaya karibu na mwaka 1600, na kugonga ni Kibantu. Yote mawili yanaiga sauti, ndiyo maana yanafanana.

Gongi kubwa lina upana wa sentimita 80 hadi 100 hivi. Ukingo wake umekunjwa kuelekea nyuma kama ukingo wa sinia lenye kina, na katikati limetoka nundu. Hiyo nundu ndiyo inayopigwa, na ndiyo tofauti kubwa kati ya gongi la Java na lile bapa la Kichina tunaloliona kwenye filamu za kung fu. Lile bapa likipigwa hulipuka kama wimbi linalovunjika kwenye mwamba, sauti imesambaa, huwezi kuiimba. La Java lina noti moja, nzito, ambayo mtu mwenye kifua kizito anaweza kujaribu kuifuata kwa sauti yake.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Ubeti wenye mapigo 32

Nimewahi kusoma maelezo mengi ya gamelani, na karibu yote huanza kwa saa ya ukutani: mshale wa sekunde, wa dakika, wa saa. Mfano huo si mbaya, lakini msomaji wa Kiswahili ana mfano ulio bora zaidi tayari kichwani. Ni ushairi.

Muziki wa Java huenda kwa mizunguko. Mzunguko mmoja una idadi maalumu ya mapigo, na ukiisha unaanza tena, pengine kwa sauti zilezile, pengine kwa nyingine. Mzunguko huo huitwa gongan, kwa sababu mwisho wake ni gongi. Mojawapo ya miundo inayopigwa sana inaitwa ladrang, yenye mapigo 32. Hayo 32 hugawanywa mara nne, nane nane, na mwisho wa kila nane hulia chombo kinachoitwa kenong, chungu kikubwa cha shaba chenye sauti ya juu iliyo wazi. Katikati ya kila nane, kwenye pigo la nne, hulia kempul, ambalo ni gongi dogo linaloning'inia. Na kwenye pigo la 32 hulia gongi kubwa.

Kama umesoma tarbia shuleni, umeshaona ninakokwenda. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mwisho wa ukwapi pana kina cha kati, mwisho wa utao pana kina cha mwisho, na mshororo wa nne ndio kituo. Jaribu na ubeti huu niliomtungia yule mzee:

Wenzangu wanasikika, wapiga kwa hima hima,
Mimi kimya najiweka, nimekaa huku nyuma,
Hesabu nazitamka, moyoni bila kusema,
Nikipiga watafika, wote hapa kusimama.

Usome kwa sauti, taratibu, ukipiga kofi moja kwa kila mizani mbili, na kofi liangukie mizani ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kila kipande kitakuwa na makofi manne, kila mshororo manane, ubeti mzima 32. Umeshapiga ladrang. Penye kina cha mwisho, ma, weka kenong. Penye kina cha kati, ka, weka kempul. Penye ma ya mwisho kabisa, ya kusimama, kenong na gongi vinalia pamoja.

Pana jambo moja dogo ambalo mfano wangu haulibebi vizuri. Katika mshororo wa kwanza, Wajava hawapigi kempul. Wanaiacha nafasi yake wazi, na hata hiyo nafasi ina jina: wela. Gongi limelia punde hivi, sauti yake bado inatembea chumbani, na kempul ikiingia mapema mno itamkata mkubwa kauli. Mimi naona huo ni uungwana, ingawa wataalamu watakuwa na maelezo mengine.

Kati ya kempul na kenong kuna vidogo zaidi, kethuk na kempyang, vinavyogawanya kila mapigo manne katika vipande vya kupumulia, kama mkato katika sentensi. Kwa hiyo una mkato, una vina, una kituo. Na kituo, kwa bahati nzuri ya lugha yetu, ni neno moja kwa mambo matatu: mshororo unaofunga ubeti, alama ya mwisho wa sentensi, na mahali daladala linaposimama. Gongi ni yote matatu.

Miundo mingine hubadilisha vipimo tu. Ketawang ina mapigo 16, kenong mbili kwa kila gongi, yaani mishororo miwili badala ya minne. Ladrang ikiwa tarbia, ketawang ni tathnia. Mmoja wa ketawang hizo, uitwao Puspawarna, hivi sasa umetoka nje ya mipaka ya sayari zetu: ulirekodiwa katika jumba la kifalme la Pakualaman huko Yogyakarta, ukatiwa kwenye santuri ya dhahabu iliyorushwa na Marekani mwaka 1977 ndani ya vyombo vya anga vya Voyager. Kwenye santuri hiyohiyo kuna wimbo wa unyago wa wasichana kutoka misitu ya Kongo, ikiitwa Zaire wakati huo.

Kisha ipo miundo mirefu, mapigo 64, 128, na zaidi, ambapo kati ya gongi na gongi zinaweza kupita dakika kadhaa. Hapo ndipo mzee wa nyuma anapoonekana kama amesinzia.

Gongi halianzishi kitu

Hili ndilo kosa linalowakamata wengi, na filamu ndizo zilizotuponza. Tumezoea gongi kama ishara ya kuanza: mabondia waingie ulingoni, wageni waje mezani, mfalme anaingia, gooong. Kwa hiyo mtu akisikia gongi kwenye gamelani anaanza kuhesabu moja. Akihesabu hivyo, kila kitu kinachofuata kitamchanganya, kwa sababu amegeuza ubeti kichwa chini.

Katika Java uzito uko mwishoni. Katika kila mapigo manne, la nne ndilo zito. Katika kila nane, la nane. Katika mzunguko, la mwisho ndilo zito kuliko yote, na hapo ndipo gongi lilipo. Muziki hauondoki kwenye gongi, unakwenda kwenye gongi. Ndiyo sababu nilikuomba kofi lako liangukie mizani ya pili na si ya kwanza.

Hata gongi la kwanza kabisa katika wimbo ni mwisho wa kitu. Kila wimbo una utangulizi mfupi, buka, ambao huchezwa na chombo kimoja, mara nyingi rebab au bonang, kisha ngoma inaingia, na gongi linalia ili kuufunga huo utangulizi. Ndipo wote wanaingia. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba wimbo wa Java hauna pigo la kuanzia. Una mwisho, halafu mwisho mwingine, halafu mwingine.

Ukifikiri kidogo, hakuna cha ajabu. Shairi letu pia halina sauti maalumu ya mwanzo; vina vyote viko miishoni, na msikilizaji wa malenga anasubiri kina kiangukie pale alipokitarajia. Kikianguka, anatikisa kichwa.

Nani bosi?

Basi gongi ndilo linaloongoza? La. Hapa mpwa wangu alichanganyikiwa zaidi, kwa hiyo nilimpeleka stendi.

Kendang ndiye dereva. Mpiga kendang hushika mwendo, huongeza kasi, hupunguza, huashiria kwamba sasa tunahamia sehemu nyingine au sasa tunamaliza. Hakuna mtu aliyesimama mbele na kijiti. Ishara zote zimo ndani ya mapigo ya ngoma, na mwenye masikio anazisikia. Saron na wenzake hubeba kiunzi cha wimbo, kinachoitwa balungan, kutokana na balung, yaani mfupa. Bonang, gender (ya vipande vyembamba vya shaba), gambang (ya vipande vya mbao), rebab na waimbaji huuvisha mfupa huo nyama. Kila mmoja huuvisha kwa njia yake, mmoja amewahi, mwingine amechelewa kidogo, mmoja anapanda wakati mwingine anashuka, hadi mgeni anadhani kila mtu anacheza wimbo wake. Lakini wote wana kituo kimoja. Kwenye kenong wanakaribiana. Kwenye gongi wanakutana.

Dereva anaweza kukimbiza gari au kulipeleka polepole. Hawezi kukihamisha kituo.

Na huo mwendo una mambo yake. Wajava wanaweza kuutanua mzunguko ule ule wa mapigo 32 hadi ukawa mrefu maradufu, na maradufu tena. Mapigo ya mfupa yanazidi kuachana, na vyombo vidogo vinajaza nafasi iliyopatikana kwa noti nyingi zaidi. Ngazi hizi za kutanuka zinaitwa irama. Ladrang ambayo katika mwendo wa haraka humalizika chini ya nusu dakika, ikitanuliwa inaweza kupita dakika mbili. Mpigaji wa chombo kidogo anakuwa na kazi kubwa ajabu. Mpigaji wa gongi bado ana pigo lake moja.

Kanuni ya jumla ni hiyo: kadiri chombo kilivyo kikubwa na sauti yake ilivyo nzito, ndivyo kinavyopigwa mara chache. Kidogo kabisa kati ya saron, kiitwacho peking, hakipumziki. Kikubwa kabisa hupiga mara moja kwa mzunguko.

Je, kupiga mara moja ni rahisi? Mkono, ndiyo. Mtoto anaweza kuligusa gongi likalia. Shughuli iko masikioni. Mpigaji hana budi kujua wimbo uko muundo gani, umefika mshororo wa ngapi, ngoma imetoa ishara ya kutanua au ya kufunga, na kwamba safari hii inabidi abadilishe atumie gongi dogo zaidi, suwukan. Mara nyingi huyohuyo ndiye anayepiga na kempul. Mpiga saron akikosea noti moja kati ya mia, jirani yake tu ndiye atakayemtupia jicho. Gongi likilia pigo moja kabla ya wakati, kikundi kizima kimetiwa nukta katikati ya neno, na hakuna pa kujificha, kwa sababu sauti hiyo itaendelea kulia na kumshtaki kwa sekunde nyingi.

Kwa nini simu yako hailisikii

Noti ya gongi kubwa ni takriban mitetemo 50 kwa sekunde, juu kidogo au chini kidogo kutegemea seti. Sikio la binadamu linaisikia. Spika ya simu haiwezi kuitoa. Imetengenezwa kwa sauti za watu wanaoongea. Kwa hiyo mamilioni ya watu wanaotazama gamelani kwenye simu wanaona mzee akipiga na wanasikia "tup" ndogo, ndiyo maana wanamcheka. Tumia vipokea sauti vya masikioni, au uichomeke simu kwenye redio yenye spika kubwa. Ukiwa chumbani na gongi lenyewe, hulisikii tu bali unalihisi kifuani, kama mtu anayesimama karibu na msondo.

Na utasikia jambo jingine: sauti hainyooki. Inapanda na kushuka, wuu, wuu, wuu, polepole hadi inapotea. Wajava huiita ombak, yaani mawimbi, na gongi lisilo na mawimbi mazuri halipati heshima. Chanzo chake si siri. Gongi hutoa mitetemo inayokaribiana sana bila kulingana. Mitetemo hiyo ikikubaliana sauti inapanda, ikipingana inashuka. Kama umewahi kusimama ufukweni zikapita boti mbili za injini zikienda sambamba kwa mwendo karibu sawa, ule mngurumo unaojaa na kupwa ni kitu kilekile.

Mpwa alisema sauti zote za gamelani "zimepinda". Si yeye wa kwanza. Lakini piano si mizani ya kupimia sauti za dunia nzima. Java ina mifumo miwili ya sauti: slendro yenye noti tano na pelog yenye saba, na nafasi kati ya noti hizo si zile za piano. Zaidi ya hapo, kila seti hulinganishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa sikio la fundi. Saron ya seti hii ukiipeleka kwenye seti ya kijiji cha pili itakuwa mgeni asiyejua lugha. Seti hutengenezwa pamoja, hulinganishwa pamoja, hukaa pamoja.

Ufundi wa kulitengeneza nao unastahili maneno. Wafua gongi huchanganya shaba na bati (bati lile la kulehemu, si mabati ya paa) kwa kadiri ya sehemu kumi kwa tatu. Mchanganyiko huyeyushwa, humwagwa kuwa kipande kinene cha duara, kisha huingizwa kwenye moto wa makaa hadi kiwe chekundu, kitolewe, wahunzi kadhaa wakizunguke na kukipiga kwa nyundo kwa zamu, kirudishwe motoni, kitolewe tena. Karakana huwa na giza kwa makusudi: rangi ya kipande chenyewe ndiyo kipimajoto, na mwanga wa jua ungeificha. Mwisho hutumbukizwa majini. Hapa mhunzi wetu wa majembe atashangaa, kwa sababu chuma cha pua kikitumbukizwa majini kingali cha moto huwa kigumu na chepesi kuvunjika, ilhali mchanganyiko huu hufanya kinyume: ukiachwa upoe taratibu huvunjika kama kioo, ukipozwa ghafla huwa na ustahimilivu. Kijiji cha Wirun, karibu na mji wa Surakarta, kinajulikana kwa kazi hii, na huko Bali kipo Tihingan.

Shaba ni ghali, na si kila kijiji kinaweza kumudu gongi la kilo nyingi. Wasioweza hutumia la chuma. Wengine hutumia gong kemodhong, vipande viwili vya chuma au shaba vyenye nundu, vilivyolinganishwa viachane kidogo ili vitoe yale mawimbi, na kulazwa juu ya mitungi au sanduku. Wengine hupuliza tu ndani ya bomba nene la mwanzi, gong bumbung, mpulizaji akikoroma noti nzito mahali pake. Mimi hili ndilo linalonishawishi kuliko ufafanuzi wote. Rebab ikikosekana, wataendelea. Mwimbaji akiugua, wataendelea. Gongi likikosekana, mtu atatafuta mwanzi.

Uchawi, ibada, au adabu?

Mtu mmoja kwenye ile video alikuwa ameandika kwamba hawa wanaabudu masahani. Si tuhuma ngeni. Seti za heshima katika Java hupewa majina, na mbele ya jina huwekwa Kyai, neno ambalo Wajava hulitumia pia kwa wanazuoni wa dini. Ni kama sisi tungeiita ngoma Maalim Fulani. Huwezi kuruka juu ya chombo. Huvua viatu kabla ya kuketi. Na gongi kubwa, katika nyumba nyingi zinazoshika mila, huwekewa maua na kufukiziwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Hekaya ya Java inasema gongi ndilo lililotangulia: Sang Hyang Guru, mungu aliyetawala kutoka mlimani, alihitaji njia ya kuwaita miungu wenzake, akatengeneza gongi, alipotaka kutuma habari ndefu zaidi akaongeza la pili na la tatu, ndiyo ikawa gamelani.

Sasa, Wajava walio wengi ni Waislamu, na wamekuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe juu ya mambo hayo kwa karne nyingi bila kutuhitaji sisi. Lakini kabla ya kuhukumu, angalia Sekaten. Kila mwaka, mwezi wa Mfunguo Sita, katika siku za kuelekea Maulidi, seti mbili za kifalme huko Yogyakarta, Kyai Guntur Madu na Kyai Nagawilaga, hutolewa ikulu na kubebwa hadi uwanja wa Msikiti Mkuu. Hapo kuna mabanda mawili yaliyojengwa kwa ajili yao, na jina lake ni Pagongan, mahali pa gongi. Zinapigwa kwa zamu, zinanyamaza wakati wa swala. Simulizi za huko zinasema mawalii wa kwanza walitumia sauti hiyo kuwavuta watu msikitini, na jina Sekaten wengi hulihusisha na shahada mbili. Mtu wa Lamu aliyezoea kusikia matari na zumari msimu wa Maulidi hatahitaji kufafanuliwa sana.

Limebaki moja ambalo huibuka kila nikitaja Indonesia barazani: kwamba marimba zetu zimetoka huko. Mwenye kulisema hilo kwa nguvu alikuwa mmisionari A. M. Jones, mwaka 1964, aliyelinganisha sauti za marimba za Afrika na za Indonesia akaona zinafanana mno kuwa bahati tu. Safari za baharini hazina ubishi: Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu wa lugha za Borneo. Lakini watu wawili walio mbalimbali wanaweza wote kugundua kwamba vipande vya mbao vikipangwa kwa urefu vinatoa sauti tofauti, na wakosoaji wa Jones walisema alichagua vipimo vilivyomfaa. Na hata tukimpa Jones haki yake yote, marimba ilisafiri peke yake. Kwetu hakuna muziki uliojengwa juu ya gongi kubwa linalofunga kila ubeti.

Nilipomaliza, mpwa aliichomeka simu kwenye redio ya baba yake na tukaitazama video tena, safari hii tukihesabu. Tulipotea mara mbili kabla ya kuikamata kenong. Mwishoni ngoma ilibadilisha pigo, mwendo ukaanza kulegea, kila noti ikijivuta nyuma ya mwenzake. Ikabaki pigo moja. Wapigaji wote walikuwa wamekwisha kuinua nyundo zao, hakuna aliyeshusha. Yule mzee akasubiri kidogo kupita pale tulipodhani, akapiga, dirisha la sebuleni likatetemeka, na baada yake ndipo wengine wote wakaiweka noti yao ya mwisho juu ya sauti yake.

"Kumbe wanamsubiri yeye," mpwa alisema, akairudisha video nyuma.